Ndege Mmoja Getini

Jioni ile Illuminée alikuwa na kazi moja tu, tena ndogo: kumwonyesha mgeni ndege mmoja, kisha kurudi nyumbani kula viazi.

Viazi alimwachia mama mkwe wake, Mukagasana, aliyekuwa ameketi uani na beseni miguuni akimenya bila haraka. Uwase, mjukuu wake wa miaka tisa, alikuwa kando yake. Illuminée akavaa buti za mpira, akatoka, akasikia komeo la geti likirudi mahali pake nyuma yake. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho. Huko Masaka ndivyo Kigali inavyokwisha: nyumba mpya, nyumba ambayo haijaezekwa, shamba la maharage, mikaratusi michache, halafu bonde la mafunjo ambako hakuna aliyejenga kwa sababu maji hayajakubali.

Mgeni alikuwa akimngoja kwenye njia ya juu pamoja na Nshimiyimana, mwenye pikipiki aliyemleta kutoka Kimironko. Aliitwa Arthur. Wazazi wake walikuwa Wanyarwanda, ila yeye alizaliwa na kukulia Mwanza, kisha maisha yakampeleka Kanada, na hii ndiyo mara yake ya kwanza kukanyaga nchi ya baba yake. Kwa siku nane alikuwa ameona yote ambayo wageni huja kuyaona. Alikaa hatua chache kutoka kwa masokwe wakitafuna mianzi. Aliwaona kima wa dhahabu. Alipita kwenye daraja linaloning'inia juu ya msitu wa Nyungwe bila kuthubutu kutazama chini, na kule Akagera alimsubiri kwa saa nne yule ndege mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Kesho asubuhi alikuwa anarudi Kanada. Alibakiwa na ndege mmoja.

Ndege huyo ni kirukanjia, wa aina isiyoonekana ovyo. Mchana hulala chini kwenye majani makavu, na unaweza kumkanyaga usimwone. Jioni huamka. Dume, msimu wake ukifika, huota unyoya mmoja katika kila bawa, mrefu kupita mwili wake wote, na akiruka gizani utadhani anafukuzwa na ndege wengine wawili. Hupita hapa majuma machache tu kwa mwaka. Buyenzi, mtaa wa Bujumbura alikokulia Illuminée, Waswahili waliwaita virukanjia wote mpasuasanda, kwa kuwa waliisikia sauti yao kama kitambaa cha maiti kinachochanwa polepole.

"Dada, ukinionyesha huyo, nitakuombea mpaka nife," Arthur alisema walipokuwa wakiteremka.

"Usiniombee mimi. Mwombe yeye atoke."

Kazi hii haikuwa yake tangu mwanzo. Ilikuwa ya mume wake, Audace, aliyegongwa na lori karibu na njia panda ya Sonatubes miezi kumi na moja iliyopita. Illuminée alirithi darubini, wageni na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni. Ndani ya simu kulikuwa na rekodi mia mbili na kumi na nne za sauti za ndege, ambazo Audace alizikusanya kwa miaka mingi, jioni baada ya jioni. Ndivyo waongozaji wanavyofanya. Unaweka sauti ya ndege kwenye spika ndogo, naye akisikia anadhani mwenzake ameingia kwake, anatoka kuangalia.

Kila rekodi ilianza vilevile. Kikohozi kidogo, kwa sababu Audace alikuwa na koo bovu na hakukosa peremende mdomoni. Kisha sauti yake ikitaja mahali, saa, na jina la ndege. Ndege mwenyewe alianza kusikika sekunde ya kumi na mbili.

Illuminée kila mara alianzia sekunde ya kumi na mbili.

Mukagasana ndiye aliyemkataza kuanzia mwanzo wa rekodi. Familia ilikuwa bado haijafanya kuganduka, sherehe ya kuanua matanga, ambayo ndiyo humwambia marehemu kwamba hangojwi tena. Ilipangwa Jumamosi ya juma lile. Mpaka hapo, bibi alisema, mtu bado ana mguu mmoja nyumbani, na sauti yake isitolewe nje jua likizama. Illuminée alisomea ualimu. Hakuwa mtu wa kubishana na wazee, wala wa kuamini kila neno lao. Alitii tu, kama mtu anavyosimama kwenye taa nyekundu hata barabara ikiwa tupu.

Tena kulikuwa na jambo la getini. Audace, kila alipotoka kazini, hakugonga. Alikwangua matope ya buti kwenye jiwe la nje, akasimama, akaiga sauti ya ndege. Uwase ndani alitakiwa amtaje. Akipatia, alifungua komeo. Akikosea, baba alibaki nje na kumpa ndege mwingine. Hata kwenye mvua. Jirani walimcheka, mtu mzima kufungiwa nje ya nyumba yake akilia kama kwarara. Yeye alisema hajawahi kuona mlinzi bora kuliko binti yake.

Walifika chini. Mafunjo yalikuwa yamesimama wima, na vyura walikuwa wameanza.

Illuminée aliweka rekodi mara ya kwanza. *Krrrrr*... kama nguo kuukuu ikichanwa. Wakangoja. Hakuna kitu. Mara ya pili. Mbu, na harufu ya matope. Mara ya tatu giza lilikuwa limeshashika vilele vya mikaratusi.

Akatia simu mfukoni. "Basi."

"Basi nini?"

Akamweleza. Ni mara tatu, haizidi. Ndege akiitwa mno hudhani adui amehamia, akaliacha eneo lake, wakati mwingine na mayai. Hiyo ilikuwa sheria ya Audace, na aliisema kwa njia yake: baada ya tatu, hujui tena unamwita nani.

Arthur alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba marehemu baba yake alichunga ndama katika bonde kama hili akiwa mtoto, na jioni moja alimwona ndege mwenye utepe kwenye mabawa. Alilirudia jambo hilo Mwanza kwa miaka arobaini. Watu walimwambia aliota. Alikufa akiwaambia hakuota.

"Sikuja kwa ajili ya orodha yangu, dada."

Illuminée alimtazama. Alijua uzito wa mtu anayebeba neno la marehemu. Akatoa simu. Vidole vilikuwa baridi, kioo kimeingia ukungu, na hata leo hawezi kuapa kama kidole kiliteleza au kilikwenda kilikotaka.

Kikohozi.

"Masaka," ikasema sauti ya Audace, sauti ya mtu anayetabasamu. "Saa kumi na mbili na robo. Kirukanjia."

Ilitoka kwenye spika, ikapita juu ya maji, ikaenda.

"Nani huyo?" Arthur aliuliza.

"Mume wangu."

Kisha sauti ya ndege ikasikika kwenye spika, na ndege akaja. Alitokea upande wa maharage, chini chini, bila kelele, na nyuma yake vivuli viwili vikipepea kama vimefungwa kwa uzi. Alizunguka mara mbili juu ya vichwa vyao. Akatua njiani, hatua sita mbele, macho yake yakiwaka mekundu kwenye tochi. Arthur alikuwa akilia kimya na kinasa sauti chake mkononi. Dakika tatu, nne. Hakuna aliyesogea.

Halafu ndege akaruka ghafla, kama mtu aliyefukuzwa njiani.

Vyura wakanyamaza. Wote. Mara moja.

Kutoka ndani ya mafunjo... kikohozi.

"Masaka. Saa kumi na mbili na robo. Kirukanjia."

"Mwangwi mzuri," Arthur alinong'ona.

Illuminée aliangalia simu. Ilikuwa imezimwa. Mwangwi hauchelewi dakika tano.

Ikafuata ile sauti ya kuchana nguo. Aliyeishi na ndege hujua mara moja inapotoka kwenye mdomo wa mtu, kwa sababu mtu anahitaji kuvuta pumzi. *Krrrrr*... pumzi. *Krrrrr*... pumzi. Ilikuwa kwenye maji. Ikawa kwenye matete ya ukingoni. Ikawa njiani, karibu nao, mahali ambapo tochi ilionyesha udongo mtupu. Ikawapita, na ilipopita iliacha harufu ya matope ya bonde na peremende.

Ilikuwa inapanda kilima.

Ilikuwa inakwenda nyumbani.

Illuminée alimwambia Arthur apande kwa njia nyingine mpaka kwenye pikipiki, asipige mluzi, asimwite mtu kwa jina. Hakungoja jibu. Alikimbia, buti zikimpwaya, akiwaza kitu kimoja. Uwase hangekosea. Mtoto huyu akiwa na miaka mitano aliweza kutofautisha virukanjia wa aina mbili akiwa kitandani dirisha limefungwa. Angesikia sauti moja, angetaja jina moja, na mkono wake ungekwenda kwenye komeo kabla ya akili.

Sauti ilikuwa mbele yake kila mara, kona moja mbele. Haikukimbia. Ilitembea mwendo wa mtu aliyechoka na kazi, na bado hakuweza kuifikia.

Kwenye mikaratusi ikanyamaza. Kisha akasikia jiwe.

Kwaruu... kwaruu... kwaruu.

Buti la kushoto. Buti la kulia.

Alipopinda kona, taa ya juu ya geti ilikuwa inawaka. Chini yake hapakuwa na mtu. Na pale pasipo na mtu, sauti ilikuwa imeshalia mara moja; sasa ikarudia. *Krrrrr*... pumzi.

Ndani, sauti ya Uwase ikajibu, nyembamba na ya wazi. "Kware."

Illuminée alishika ukuta. Amekosea. Mungu wangu, amekosea.

*Krrrrr*...

"Tetere."

*Krrrrr*... Safari hii taratibu zaidi, karibu na chuma, kama mtu anayembembeleza mtoto asiyesikia vizuri.

"Kanga."

Kanga? Hapo ndipo Illuminée alipoelewa kwamba mtoto hakuwa akikosea.

"Uwase," akaita.

Kila kitu kikanyamaza, nje na ndani. Na katika kimya kile akajua amefanya nini. Naye pia, sasa, alikuwa sauti tu nje ya geti.

"Nani?" Mukagasana aliuliza kutoka ndani.

"Ni mimi, mama. Illuminée. Fungua."

"Kila anayekuja husema ni mimi."

Kitu kilikuwa nyuma yake. Hakugeuka. Harufu ya peremende ilikuwa kwenye shingo, baridi, mahali ambapo Audace alizoea kumpulizia alipotaka kumchokoza akiwa jikoni.

"Mama," Uwase akasema, na sauti yake sasa ilitetemeka. "Kama ni wewe, iga ndege."

Illuminée akakaza midomo. Alijaribu dudumizi, aliye rahisi kuliko wote. Hewa tu ikatoka. Akajaribu tena. Miaka kumi na miwili na Audace, na hakuwahi kujifunza. Ndiyo maana aliihitaji simu.

"Siwezi, mwanangu," akasema, machozi yakimtoka. "Unajua siwezi. Hata kuku siwezi."

Komeo likafunguka.

Aliingia kwa ubavu, akalisukuma geti kwa mgongo, akalifunga kwa mikono miwili. Nje, mara moja tu, polepole sana... *krrrrr*.

Uwase alimtazama mama yake, kisha akaligeukia geti. "Bata," akasema.

Kimya. Baadaye hatua za buti, zikiteremka.

Viazi vilikuwa vimeungua. Hakuna aliyevijali. Illuminée alipopata pumzi alimuuliza mtoto alijuaje. Uwase alijibu kama anayeulizwa hesabu ndogo. Mwanzo alitaka kufungua. Alishashika komeo. Lakini alikosea kwa bahati, kwa furaha, akataja aina nyingine ya kirukanjia, na sauti ikarudia ileile.

"Baba nikikosea ananipa mwingine. Huyu ana ndege mmoja tu."

Mukagasana alikuwa ameketi chini kando ya geti, mikono yake miwili ikiwa na kutu ya komeo. Illuminée hakumuuliza alikuwa amelishika ili lisifunguke au ili alifungue. Audace alikuwa mwanawe kabla ya kuwa mume wa mtu.

"Mtu akifa husahau," bibi alisema. "Kidogo kidogo. Pengine huyo mmoja ndiye aliyebaki naye." Akajifunika uso kwa kitenge. "Na sisi tumemwambia ni bata."

Asubuhi kulikuwa na matope ya kijivu juu ya jiwe, matope ya bonde, ambayo hayapo kilimani. Lakini Illuminée naye alitoka bondeni na buti, na hakumbuki kama alikwangua. Arthur alifika Kanada salama, akamtumia rekodi ya kinasa chake pamoja na maneno marefu ya shukrani. Ndani yake inasikika sauti ya Audace kutoka kwenye spika, mara moja. Kisha vyura. Kisha vyura wananyamaza. Kisha kimya kirefu, na ndani ya kimya hicho Arthur ananong'ona: mwangwi mzuri.

Jumamosi waliganduka. Misa ilisomwa, pombe ya ndizi ikanywewa, nguo zikagawiwa, na Nshimiyimana akachukua buti za Audace, zilizokuwa safi. Mzee wa ukoo alisema maneno ya kumwachia njia marehemu. Jioni yake Illuminée aliifuta rekodi ya Masaka. Zile mia mbili na kumi na tatu zilizobaki hakuweza. Aliizima simu, akaifunga kwenye kitambaa, akaisukuma nyuma ya kabati.

Majuma matatu yalipita kwa amani. Uwase alirudi kulala kitandani kwake. Virukanjia walikuwa wameshakwenda zao kusini.

Kisha ikaja jioni moja yenye harufu ya mvua. Wote watatu walikuwa uani, na beseni la viazi katikati yao.

Kwaruu... kwaruu.

Kisu cha Mukagasana kikasimama.

Kikohozi kidogo. Halafu, taratibu, kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa yenye shingo nyembamba: *du-du-du-du-du*... Dudumizi. Ndege wa kwanza ambaye Audace alimfundisha binti yake, akiwa amembeba mabegani. Sauti iliteleza kidogo mwishoni, ikarudi, ikajirekebisha.

"Amekumbuka," bibi alinong'ona.

"Au amejifunza," Uwase akasema.

Lakini macho ya mtoto hayakuwa getini. Yalikuwa kwa mama yake, na midomo yake ilikuwa imeshafunguka, jina likiwa kwenye ulimi. Lilikuwa jina la kweli safari hii. Hilo Illuminée aliliona. Kilichotakiwa ni kiganja kimoja tu, akiweke juu ya mdomo ule.

Alingoja mkono wake unyanyuke.

Ulikuwa umelala mapajani, wenye maji ya viazi, na haukunyanyuka.